Biskuti za mbwa za maini na dagaa: namna ya kuzioka na kuzikausha zisiote ukungu

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Pasua, Moshi, aliniletea kopo la biskuti alizomwokea mbwa wake, akataka kujua kwa nini zimeota ukungu siku ya nne ilhali zilitoka jikoni zikiwa na rangi nzuri ya kahawia. Nilimweleza kwamba alizioka vizuri ila hakuzikausha, na kwa kuwa kosa hilo hilo liliwahi kunipotezea kilo mbili za biskuti wakati wa masika, nimeona niandike hatua zote kama ninavyozifuata sasa.

Hatua ya kwanza ni unga: vikombe viwili vya dona na kimoja cha ngano, kwa sababu dona peke yake humeguka. Sinunui dona iliyokwisha kusagwa. Hununua mahindi makavu soko la Mbuyuni, nikayachambua kwenye ungo na kutoa kila punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, ndipo nikayapeleka mashineni. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huharibu ini la mbwa, na joto la kuokea haliiondoi. Wapo wanaowawekea mbwa mahindi yaliyooza kwa kuwa hayafai kuliwa na watu. Nawasihi sana waache.

Hatua ya pili, chemsha robo kilo ya maini ya ng'ombe bila chumvi, uyaponde na kuhifadhi maji yake. Kisha chukua nusu kikombe cha dagaa wa Mwanza, ambao mara nyingi huja na mchanga. Waoshe katika maji ya uvuguvugu, ukiwasugua taratibu kati ya viganja na kubadilisha maji, hadi usihisi tena chembe ukipitisha kidole chini ya beseni. Wakaushe kikaangoni bila mafuta, uwasage. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, hata kama ndivyo unavyopika maini ya nyumbani, kwa maana vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu, chokoleti na kitu chochote chenye kiongeza utamu kiitwacho zailitoli visikaribie kabisa jiko hili.

Hatua ya tatu, changanya vyote na yai moja, kanda kwa maji ya maini, sukuma unga uwe na unene wa nusu sentimita, kisha ukate vipande.

Hatua ya nne, oka kwa dakika 30 hivi. Mwenye oveni aiweke nyuzi 175. Mimi napendelea sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, mkaa mchache jikoni na mwingi juu ya mfuniko, kwa sababu makaa yanayofifia polepole ndiyo yanayofanya kazi ya hatua inayofuata.

Hatua ya tano ni kukausha, na hapa naomba usiwe na haraka. Biskuti ikishaiva bado ina maji katikati, hata kama ukingo wake ni mgumu. Zigeuze zote, punguza makaa, uegemeze mfuniko juu ya kijiti ili mvuke upate pa kutokea, kisha uziache saa mbili. Kila baada ya nusu saa tazama upande wa ndani wa mfuniko: ukiona matone, yafute, kwa kuwa yakidondoka yatazirudishia biskuti maji yale yale unayoyatoa. Halafu chukua ile nene kuliko zote uivunje. Ikikatika kwa mlio mkavu na katikati yake ikawa na rangi moja na ukingo, imekauka. Ikipinda kwanza, au ukiona duara jeusi katikati, rudisha zote. Jua la Januari linaweza kukusaidia, lakini wakati wa masika, na katika baridi ya Juni na Julai ambapo mlima hauonekani kwa mawingu, usilitegemee. Zikitoka, zitandaze kwenye ungo, uzifunike kwa kitambaa chepesi na kuziacha zipoe usiku kucha. Kuzifungia zingali na uvuguvugu ndiko kulikoniharibia zile kilo mbili. Tumia chupa ya kioo badala ya ndoo ya plastiki, maana asubuhi ukikuta ukungu wa mvuke kwenye kioo utajua mapema kwamba zinahitaji kurudi jikoni. Ikiota kuvu hata moja, tupa zote bila kukwangua.

Biskuti zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha mbwa kwa siku, kwa kuwa maini yakizidi humjazia vitamini A kupita kiasi. Siku ya kwanza mpe kipande kimoja tu, uangalie kinyesi chake kesho yake kabla ya kumwongeza.