Somo: kubadilisha nibu ya kalamu ya wino uandike mwandiko wa mapambo

Wadau habari za leo, somo hili wengi mmeliomba inboksi, hasa nyie mnaoandika kadi za harusi na vyeti vya madrasa huku kwetu Mtwara, sasa naliweka lote hapa mlisome taratibu. La kwanza kabisa, msihangaike na kalamu ya bei kali. Kinachotoa mwandiko ni nibu, ile ncha ya chuma inayogusa karatasi, na fidi, yaani kile kiplastiki cheusi chenye mifereji kinachokaa chini ya nibu na kuiletea wino. Hivyo viwili vikielewana hata kalamu ya bei poa inaandika vizuri kabisa, visipoelewana hata ununue ya laki tatu utalia nayo.

Hatua ya 1, chagua nibu kutokana na mwandiko unaoutaka. Kuna koo mbili tu. Ya kwanza ni nibu bapa, ncha yake imekatwa wima kama patasi, ukivuta chini inatoa mstari mnene ukivuta pembeni unatoka mwembamba, hii ndio ya italiki (ile herufi iliyoinama kidogo), gothiki (ile nzito ya kizamani ya Kizungu) na khati ya Kiarabu. Ya pili ni nibu kali inayopanuka ukikandamiza, hii ni ya koparipleti, ile herufi ya kulala yenye unene na wembamba unaoiona kwenye kadi za harusi za kifahari. Usinunue moja ukitegemea ifanye kazi ya mwenzake, haifanyi.

Kwenye bapa angalia upana. Italiki herufi ndogo inasimama upana wa nibu mara tano, kwa hiyo nibu ya milimita 1.1 inakupa herufi ya milimita 5 na nusu, ya 1.5 inakupa 7 na nusu. Kwa kadi ya kawaida 1.1 inatosha, kwa cheti chukua 1.5, hata 1.9.

Hatua ya 2, kalamu yenyewe. Mimi napendekeza kalamu za Kichina Jinhao X750 au X450 kwa sababu zinachukua nibu za saizi namba 6, na nibu namba 6 zipo za kila aina sokoni, urefu wake ni kama milimita 35, na haifungwi kwa skrubu, inakaa kwa kubanwa tu. Kalamu ya Kijerumani Lamy Safari nayo nzuri, nibu zake za 1.1, 1.5 na 1.9 zinauzwa peke yake, ila hizo zinaingia kwenye Lamy tu.

Hatua ya 3, kung'oa. Toa wino wote kwanza, suuza kwa maji mpaka yatoke meupe, tumia maji ya kunywa, maji ya kisima ya chumvi yanaacha mabaki kwenye mifereji. Alafu kata kipande cha chubu ya baiskeli, shika nibu na fidi kwa pamoja juu na chini, vuta MOJA KWA MOJA kwenda mbele, usizungushe kwa nguvu. Ikigoma loweka shingo ya kalamu kwenye maji ya kawaida usiku kucha, sio maji ya moto jamani, plastiki inapinda. Na usishike nibu kwa koleo hata siku moja.

Hatua ya 4, osha fidi kwa mswaki mlaini na tone la sabuni ya vyombo. Na nibu mpya nayo ioshe, ina mafuta ya kiwandani, usipoyatoa wino unajikusanya matone matone juu ya chuma na ncha inabaki kavu.

Hatua ya 5 ndio penyewe, hapa tulieni. Laza nibu juu ya fidi, mpasuko wa nibu ukae katikati kabisa ya mfereji wa fidi, na ncha ya fidi ibaki nyuma ya ncha ya nibu kama milimita 3 au 4. Ikiwa mbali sana wino haufiki, ikisogea sana mbele nibu inakosa pa kupanukia. Sukuma vyote kwa pamoja ndani ya shingo, ukihisi inakataa zungusha kidogo kutafuta mkao wake alafu sukuma tena mpaka isimame. Sasa inua kwenye mwanga uitazame kwa pembeni, kati ya nibu na fidi mwanga usipenye. Ukiona mwanga, toa urudie, maana wino haurukii hewani. Kisha tazama ncha kwa mbele kwa ile lenzi wanayotumia mafundi saa, meno mawili yawe sawa, moja likiwa juu ya jingine litakwaruza karatasi. Lililoshuka linyanyue kwa ukucha kidogo kidogo.

Kwa nibu kali wengi wanapachika Zebra G kwenye X750, na ni kweli inapendeza sana, ila ile nibu imetengenezwa kuchovya wino sio kukaa kwenye kalamu, ikipanuka inataka wino mwingi kuliko fidi ya kiwandani inavyotoa, ndio maana unaona mstari unapasuka katikati na kubaki reli mbili. Dawa yake chukua wembe mpya, upitishe ndani ya ule mfereji wa juu wa fidi kuongeza kina, kidogo, jaribu, kidogo tena, jaribu. Usiupanue. Ukizidisha kalamu inaanza kudondosha wino kwenye kadi ya mtu na fidi hiyo hairudi tena kama zamani. Kama una fidi ya akiba anza na hiyo.

Hatua ya 6, wino wa kalamu tu. Wino mweusi wa kuchovya wenye gundi au shelaki (ile ya kutengenezea vanishi) ukikauka ndani umeua kalamu. Karatasi nayo iangalieni, daftari la kawaida linanyonya wino unasambaa kama mizizi, tafuta karatasi laini nzito ya gramu 100 kwenda juu.

MASWALI YA WANAKUNDI

Mdau wa Newala: Mkuu huku wino wa kalamu haupatikani, naweza kutumia wino wa mhuri?
Jibu: Hapana ndugu yangu, ule ni mzito na haukauki upesi, mifereji itaziba. Agiza Dar, chupa moja inapanda basi na utakaa nayo muda mrefu.

Mwalimu wa madrasa, Kilwa Masoko: Assalaam aleikum. Vijana wangu wanaandika khati ya naskhi kwa kalamu ya tete, nataka ya wino isiyochovywa, ninunue nibu gani?
Jibu: Waaleikum salaam shekhe, umenifurahisha, Kilwa, ambako masultani wa Kilwa Kisiwani walitoa sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, ndiko kwa kuendeleza khati. Chukua nibu bapa ya 1.5 au 1.9 uisage mshazari. Weka tete lako zuri pembeni uigize mkato wake uleule, usikisie. Tumia msasa wa maji namba 2000, wanao wapaka rangi magari, ulowe maji muda wote, saga mara mbili tatu alafu andika alifu uone, kwa naskhi isimame kama nukta tano za nibu hiyohiyo. Mwisho lainisha kona kidogo sana, zikiwa kali zinachana karatasi, ukizilainisha mno mstari mwembamba unapotea. Ukitaka herufi kubwa kuna kalamu ya Pilot Parallel, inafika mpaka milimita 6.

Dada wa Lindi mjini: Shikamoo mwalimu, mimi natumia mkono wa kushoto, kila nikiandika nafuta kwa kiganja.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Zungusha karatasi kuelekea kulia mpaka mkono ukae chini ya mstari, usiukunje juu. Anza na 1.1, inamwaga wino kidogo. Zebra G iache kwanza, mkono wa kushoto unaisukuma na yenyewe inataka kuvutwa.

Mdau wa Mikindani: Zebra G yangu imeota kutu, nimeuziwa feki?
Jibu: Sio feki, zinakula kutu zenyewe ukiziachia wino, na hewa yetu hii ya bahari ndio inaharakisha. Ukimaliza kuandika ng'oa, suuza, futa kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, hifadhi kwenye kikopo chenye mchele mkavu. Hata hivyo itaisha, inunue kwa boksi. Nibu namba 6 ya chuma kisichoshika kutu ndio ya kuacha ndani ya kalamu, hiyo isuuze kila unapobadilisha wino.

Mdau wa Masasi: Nimefanya yote ila ikianza inakataa, mpaka niitikise.
Jibu: Rudi hatua ya 5 tazama ule mwanga. Kama haupenyi, mkao wa mkono ndio tatizo, nibu bapa lazima ncha yote iguse karatasi, ukiinamisha upande mmoja haiandiki. Chora misalaba midogo midogo ukurasa mzima mpaka mkono uzoee, alafu nitumie picha niione.