Kuwaeleza wazazi mtaala mpya wa afya na elimu ya jinsia

Wapeni wazazi vitabu kabla ya mkutano, si siku yenyewe. Wiki mbili zinatosha kupitia kitabu cha mwanafunzi pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha kilichoongezwa, kilichoondolewa na kilichohamishiwa darasa lingine. Ukurasa huo ukikosekana, uvumi huchukua nafasi yake.

Mkutanoni, pangeni mada kwa umri. Mwongozo wa elimu ya jinsia wa UNESCO (shirika la elimu la Umoja wa Mataifa) wa 2018 una makundi manne: miaka 5–8, 9–12, 12–15 na 15–18 na zaidi. Mzazi wa mtoto wa miaka 6 akisikia "kondomu" bila kuambiwa ni somo la darasa gani, hatasikia kingine. Someni somo moja zima kwa sauti, tena lile linalotia hofu zaidi. Balehe ielezeni kwa hesabu: kwa kawaida wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, kwa hiyo somo la hedhi haliwezi kungoja sekondari.

Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina (wengi huona haya mbele ya majirani). Ajibu mwalimu wa somo. Mkuu wa shule akijibu juujuu, shaka huzidi. Kama sheria inamruhusu mzazi kumwondoa mtoto, tajeni vipindi gani na mwisho wa kuleta barua ni lini.