Jinsi ya kusoma mutesheni na kukadiria athari yake

Ukikutana na badiliko la jeni lililoandikwa c.20A>T, usianze kwa kuuliza ni kubwa au dogo. Ukubwa hauelezi mengi. Herufi moja ya DNA (A, C, G au T) ikibadilika huenda isifanye lolote, huenda ikaleta ugonjwa wa seli mundu, na huenda ikaizuia protini nzima isikamilike. Cha kutazama ni herufi hiyo imeangukia wapi. Chukua penseli, karatasi na jedwali la kodoni 64, yaani makundi ya herufi tatu-tatu: kodoni 61 zinataja asidi amino (matofali ya protini), 3 (TAA, TAG na TGA) zinasimamisha usomaji. Kisha nakili mwanzo huu wa jeni ya HBB, inayotoa maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC GTT ACT GCC CTG TGG GGC AAG GTG AAC

Weka hesabu sawa kwanza

Herufi A ya ATG ndiyo namba 1. Ukihesabu kutoka hapo, GAG ya kwanza inashika namba 19, 20 na 21, nayo ni kodoni ya 7. Kwa hiyo c.20A>T maana yake ni A ya katikati imekuwa T: GAG imegeuka GTG, na asidi amino ya glutamati imepisha ya valini. Hilo ndilo badiliko la seli mundu.

Makosa mawili huzaliwa hapa. La kwanza ni la namba. Maandishi ya zamani huita nafasi hii ya 6, kwa sababu methionini, asidi amino ya mwanzo (ile ya ATG), hukatwa protini inapotengenezwa. Maandishi ya sasa huihesabu, na kupata 7. Ni badiliko lile lile, si mawili. La pili ni la uzi, maana DNA ina nyuzi mbili zinazokabiliana, A mbele ya T na C mbele ya G. HBB husomwa kutoka uzi wa upande wa pili wa kromosomu 11, kwa hiyo faili la jenomu nzima (DNA yote ya mtu) huandika T kuwa A badala ya A kuwa T. Ukiona herufi "zimepinduka", kagua uzi kabla ya kuilaumu maabara.

Badilisha GAG moja, ona majibu manne

Fanya zoezi hili kwa mkono, kwani jedwali likishazoeleka kidoleni mengine yanakuwa mepesi.

Badili G ya mwisho iwe A: GAA. Jedwali linasema bado ni glutamati, basi protini haibadiliki. Hii ni mutesheni kimya.

Badili A ya katikati iwe T: GTG, valini. Glutamati ina chaji hasi na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakimbia. Valini hiyo hukaa nje ya molekuli, na himoglobini inapoachia oksijeni hujibana kwenye kishimo cha himoglobini jirani. Jirani naye hushika mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu zinazoikunja chembe nyekundu ya damu iwe na umbo la mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mundu hufa baada ya siku 10 hadi 20.

Badili G ya kwanza iwe A: AAG, lisini, yenye chaji chanya. Hii ni himoglobini C. Nafasi ni ile ile, lakini nyuzi zile hazijengeki, na mtu mwenye nakala mbili za C huwa na upungufu mdogo tu wa damu. Kwa hiyo ukishajua asidi amino imebadilika, uliza mpya inafanana kiasi gani na ya zamani kwa chaji, ukubwa na mapenzi ya maji.

Badili G hiyo hiyo iwe T: TAG. Usomaji unakoma palepale, baada ya asidi amino 6 badala ya 147.

Fremu ikisogea

DNA haina nafasi kati ya maneno. Seli huhesabu tatu-tatu tu, na mpangilio huo wa tatu-tatu ndio fremu. Tazama sentensi ALI ALA UJI ULE. Futa L ya kwanza kisha pasua upya kwa tatu: AIA LAU JIU LE. "Lau" ni neno halali, ila si la sentensi hii. Ndivyo seli inavyosoma jeni iliyopoteza herufi: inaendelea kutaja asidi amino halali, zisizo za protini hiyo.

Sasa futa herufi namba 20 kwenye HBB. Kuanzia kodoni ya 7 utapata GGG AGA AGT CTG CCG TTA CTG CCC TGT GGG GCA AGG TGA. Kodoni ya 19 imekuwa TGA, ya kusimamisha. Matokeo yake ni talasemia ya beta, ugonjwa wa upungufu wa damu: nakala hiyo haitoi mnyororo wa beta wowote unaofaa.

Hapa kanuni ni ya kugawanya kwa 3. Idadi ya herufi zilizofutwa au kuongezwa ikigawanyika kwa 3, fremu inabaki. Distrofini, protini ya misuli, ni shahidi mzuri: kupoteza kipande kikubwa chenye fremu salama mara nyingi huleta ugonjwa wa misuli wa Becker, ambao ni mwepesi, huku kupoteza kipande kidogo kinachovunja fremu kukileta Duchenne, ulio mkali. Lakini fremu salama si hati ya usalama. Mutesheni inayoongoza kwa wingi katika sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri hasa mapafu, hufuta herufi 3 kamili za jeni ya CFTR. Protini hukosa asidi amino moja, haijikunji sawasawa, na seli huivunja kabla haijafika kazini.

Nje ya kodoni

Introni, yaani vipande vinavyokatwa na kutupwa kutoka ujumbe wa jeni, nyingi huanza na GT na kuishia na AG. Herufi hizo zikiguswa, seli hukosea mahali pa kukata na kuunga ujumbe. Kuna mtego pia: himoglobini E, yaani GAG kuwa AAG katika kodoni ya 27 (26 kwa hesabu ya zamani), huonekana kama kubadilishana kwa asidi amino tu, kumbe pia huamsha mahali bandia pa kukatia, na himoglobini hupungua. Na si kila badiliko huharibu. C kuwa T, herufi 13,910 kabla ya jeni ya laktasi, huiacha jeni hiyo ifanye kazi utu uzimani, na mwenye nayo humeng'enya sukari ya maziwa.

Hesabu nakala

Mutesheni inayozima protini mara nyingi husubiri nakala zote mbili ziharibike, maana nusu ya kiasi hutosha. Seli mundu haizimi protini, ila nayo husubiri nakala mbili. Wazazi wawili wa AS (nakala moja ya kawaida, moja ya mundu) wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto wa SS (zote mbili za mundu) katika kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa SS, wa pili hajapata nafuu wala hasara. Mwenye AS kwa kawaida ni mzima, na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali.

Mutesheni inayoipa protini kazi isiyotakiwa mara nyingi haihitaji nakala ya pili. Katika akondroplasia, aina ya ufupi wa kimaumbile, jeni ya FGFR3 iliyobadilika herufi moja hutuma bila breki ishara ya kuzuia mifupa kurefuka. Walio wengi wenye hali hiyo wamezaliwa na wazazi wasio nayo, kwa kuwa badiliko lilitokea upya.

Mwisho, uliza badiliko liko katika seli gani. Likitokea kwenye ngozi au pafu linaweza kuanzisha saratani, lakini mtoto hairithi. Likiwa kwenye yai au mbegu ya kiume, mtoto atakuwa nalo katika karibu kila seli. Kipimo cha damu cha mzazi hakifichui kila kitu: mbegu chache zinaweza kubeba badiliko ambalo damu haina. Ndiyo maana hata pale mutesheni inapoonekana mpya kabisa, wazazi huambiwa uwezekano wa kujirudia ni mdogo, si sifuri.