Kabla hujawasha gari kwenda Quebec

Tangu theluji iyeyuke nimeshaulizwa mara tatu kuhusu njia ya kwenda mji wa Quebec, Kanada. Watu wa Portland na Lewiston, hapa Maine, Marekani, wamegundua kwamba saa tano hivi za kuendesha zinakufikisha kwenye mji wa mwaka 1608, wenye ukuta na mizinga, ambako mitaani kinasikika Kifaransa. Wakongomani na Warundi ndio wanaoshawishika zaidi: mtu amekaa Maine miaka sita akihangaika na Kiingereza, halafu anaambiwa kuna mahali ataagiza chakula kwa lugha aliyosomea shule! Nenda. Ila kwanza nisikilize.

Anza na karatasi. Raia wa Marekani, pasipoti. Mwenye grini kadi, ibebe pamoja na pasipoti ya nchi yako ambayo haijaisha muda. Tangu Aprili 2022 Kanada haidai viza kwa mwenye grini kadi lakini inavitaka vyote viwili, na ile pasipoti iliyolala kabatini tangu ulipotua nenda kaiangalie leo. Viza ya Marekani haikuingizi Kanada. Mama mkwe aliyekuja kutembea kutoka Bukavu anahitaji viza ya Kanada yenyewe. Na kama kesi yako ya hifadhi bado haijaamuliwa, baki nyumbani mpaka uongee na wakili wako.

Sasa mtoto asiye wako wa kumzaa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka juzi nilimchukua mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, akaone mizinga. Kaka alisema "mchukue tu", shemeji akamfungia chapati kwenye foili, basi. Nani anaandikiana barua kwa ajili ya mtoto wa ndugu? Pasipoti yake alikuwa nayo, na mimi yangu. Kwenye kibanda cha mpakani afisa, mama mmoja mpole, akaniuliza huyu ni nani wako. Nikajibu kwa Kiingereza: mtoto wa kaka yangu. Akasogea dirisha la nyuma akamuuliza mtoto: na huyu ni nani? Mtoto akajibu bila kusita: baba yangu.

Hakudanganya. Tangu ajue kusema ananiita baba mdogo, na alipogeuza kwa Kiingereza chake cha shuleni, "mdogo" likadondoka njiani. Lakini alichosikia yule mama ni watu wawili ndani ya gari moja wenye maelezo mawili. Akafungua pasipoti: majina ya mwisho hayafanani. Kaka alipojiandikisha alitumia jina la babu, mimi nikatumia la baba, mambo ya kawaida kwetu. Jaribu kumweleza hilo mtu ambaye ukoo wake una jina moja tangu enzi za mababu. Tukaambiwa tuegeshe pembeni.

Kaka alikuwa kiwandani, simu kaifungia kabatini. Shemeji alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, simu kaizima. Mtoto akapelekwa chumba kingine na afisa mwingine, wakamuuliza anasoma wapi, mama yake anaitwa nani, chapati kapika nani. Mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu na nusu, natazama gari likipekuliwa mpaka chini ya tairi la akiba. Shemeji alipoamka akapiga, akaongea nao huku analia. Wakaturuhusu, kurudi tulikotoka. Mtoto alilia mpaka akapitiwa na usingizi, chapati ziko mapajani hazijafunguliwa. Wala siwalaumu: wangeachia kila gari la namna ile, siku moja wangemwachia mwizi wa watoto.

Kwa hiyo, barua. Wazazi wote wawili waandike jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, anasafiri na nani, kwenda wapi, kuanzia lini mpaka lini, na namba za simu zitakazopokelewa SIKU HIYO. Waambatishe nakala za vitambulisho vyao. Ipelekwe kwa notari igongwe muhuri. Benki nyingi huwafanyia wateja wao bure. Hata mwanao wa kumzaa, ukisafiri naye bila mwenzako, ibebe. Na mfundishe mtoto kabisa: mpakani, baba mdogo anaitwa anko.

Mengine ni mafupi. Kopo la pilipili la kujikinga, akina dada, litoeni mkobani. Kwa sheria ya Kanada hilo ni silaha iliyokatazwa. Bangi usivuke nayo kwenda wala kurudi, hata kama pande zote mbili inauzwa dukani. Kifaa cha kunusa tochi za polisi za kupima mwendo barabarani hakiruhusiwi Quebec. Kibao cha 100 ni kilomita, yaani maili 62, usije ukakanyaga mafuta kwa furaha. Ukiendelea hadi Montreal, mji ulio kisiwani, kwenye kisiwa chote hukati kulia taa ikiwa nyekundu. Piga simu bima na kampuni ya simu yako kabla. Vaa viatu vya kutembelea: mji una sehemu ya juu na ya chini, na ngazi maarufu zinazoziunganisha zinaitwa Casse-Cou, ndiyo, vunja shingo. Ukisema "septante", yaani sabini kwa Kifaransa cha Kongo na Burundi, watakutabasamia tu.

Njia yenyewe, barabara ya 201, inafuata mto Kennebec, halafu ni misitu. Benedict Arnold, kamanda wa vita vya uhuru wa Marekani, alipita bonde hilo mwaka 1775 akienda kuiteka Quebec, chakula kikamwishia, askari wake wakala mbwa na ngozi za viatu. Beba chakula. Jaza tenki mapema, pakua ramani kwenye simu kwa sababu mtandao unakatika, na jitahidi kuvuka msitu kabla ya giza. Kule kuna moose, jamii ya paa lakini mrefu kuliko farasi, rangi ya lami usiku, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba taa za gari zinapita chini ya tumbo. Ukimgonga, unavunja miguu yake tu. Mwili unakuja kwenye kioo. Punguza mwendo. Mwenzako asilale.