Kucha za simbilisi mchanga

Mnaofuga simbilisi hapa Moshi kwenye mabanda ya maranda, angalieni kucha za wadogo. Maranda ni laini, hayazisagi, zinarefuka na kujikunja. Anza kumzoesha kukatwa angali mdogo. Akishakomaa bila kuzoea ni vurugu tupu.

Mpakate, mgongo wake uegemee kifua chako, mkono mmoja ukibeba makalio. Miguu ikining'inia atapiga mateke. Mtu mwingine amshikie kipande cha hoho, atatulia kutafuna, na vitamini C anaihitaji kwa vile mwili wake hauitengenezi.

Neilkata ya kawaida yatosha. Ndani ya kucha kuna mshipa wa damu: kwenye kucha nyeupe utauona, rangi ya waridi, kwenye nyeusi mulika na tochi ya simu kwa chini. Kata ncha tu, mbali na mshipa. Damu ikitoka, bonyeza unga wa ngano kidogo mpaka ikate.

Mbele ana vidole vinne kila mguu, nyuma vitatu. Akianza kuhangaika mwachie, zilizobaki utamalizia kesho. Rudia baada ya wiki tatu au nne.