Paka mwenye kisukari akigunduliwa kuwa na saratani: namna ya kuamua kuhusu matibabu

Paka mzee ambaye tayari anachomwa insulini asubuhi na jioni anapogunduliwa kuwa na saratani, swali la kwanza la mwenyewe huwa ni kama atibiwe au aachwe apumzike. Ningeshauri swali hilo lisubiri siku chache, kwa sababu haliwezi kujibiwa kabla ya kujulikana ni saratani ya aina gani, kisukari kimedhibitiwa kwa kiasi gani, na watu wa nyumbani wanaweza kubeba kazi kiasi gani kila siku bila kuelemewa. Kisukari peke yake si sababu ya kumnyima paka matibabu ya saratani. Hata hivyo kinabadilisha uzito wa kila dawa, na linalowashangaza wengi ni kwamba njia inayotajwa kuwa nyepesi kuliko zote, yaani kumpa vidonge vya prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) tu na kumrudisha nyumbani, ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi kwa paka wa namna hii.

Anza na aina ya saratani, kwa kuwa tofauti ni kubwa mno. Paka weupe, au wenye masikio meupe, wanaoota jua kali miaka nenda miaka rudi hupata saratani ya ngozi kwenye ncha za masikio na puani. Huanza kama kidonda kidogo chenye gamba kisichopona. Ikiwahiwa, sehemu ya sikio hukatwa na paka wengi huendelea kuishi vizuri, hata mwenye kisukari, maadamu daktari amepanga mapema chakula na insulini ya siku ya upasuaji. (Jambo dogo linalosahaulika: ukingo wa sikio ndipo wengi wetu tunapodunga kupata tone la damu la kupimia sukari. Kabla ya upasuaji, jifunze kulichukua kwenye sehemu laini ya unyayo.) Uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi huwa ni saratani kali, na ukubwa wake una maana: ulio chini ya sentimita 2 unapoondolewa humpa paka muda mrefu zaidi kuliko uliozidi sentimita 3. Saratani ya mdomoni, ile inayoanzia chini ya ulimi au kwenye ufizi, ni habari nyingine kabisa. Ni paka wachache sana humaliza mwaka nayo, na kwa kuwa inamzuia paka kula, kila sindano ya insulini inakuwa ya wasiwasi. Hapo mimi nisingemwingiza paka kwenye matibabu marefu. Ningeomba dawa nzuri za maumivu na kumtunza kwa siku zilizobaki.

Katika sehemu kubwa ya mwongozo huu nitazungumzia limfoma ya utumbo, yaani saratani ya seli za kinga iliyokaa kwenye utumbo, kwa sababu limfoma ndiyo saratani inayowapata paka mara nyingi zaidi na ndiyo inayogongana na kisukari waziwazi. Iko ya seli ndogo, inayokwenda polepole, ambayo hutibiwa nyumbani kwa vidonge vya klorambusili, dawa ya saratani, na prednisoloni. Wengi huitikia, na si ajabu paka kuishi miaka 2 au zaidi. Iko pia ya seli kubwa, inayokwenda mbio, ambayo huhitaji sindano za dawa kadhaa kwa wiki nyingi kliniki. Kwa hiyo ya pili, takriban nusu hadi theluthi mbili ya paka hupata nafuu, lakini kwa walio wengi nafuu hiyo hudumu miezi michache tu. Wale ambao uvimbe hupotea kabisa ndio wanaoweza kufika mwaka na kupita. Mtu anayeamua bila kujua paka wake ana ipi kati ya hizi mbili anaamua gizani.

Kujua kunahitaji kinyama, yaani kipande kidogo cha sehemu yenye ugonjwa, kitolewe na kupelekwa maabara. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha ukuta wa utumbo ulionenepa au tezi zilizovimba, ila hakiwezi peke yake kutofautisha limfoma ya seli ndogo na uvimbe sugu wa utumbo usio saratani. Hata paka akipata nafuu kwa prednisoloni hujathibitisha lolote, kwa sababu magonjwa yote mawili huitikia dawa hiyo. Tena steroidi ikitangulia inaweza kuficha limfoma isionekane kwenye kinyama. Basi kama mna nia ya kutoa kinyama, mwambie daktari kabla steroidi haijaanzishwa. Kliniki iliyo karibu ikikosa uwezo huo, omba barua ya rufaa. Hospitali za kufundishia za vyuo vikuu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, ni mahali pazuri pa kuulizia maoni ya pili.

Sambamba na hilo, kisukari nacho kipimwe upya. Kukonda, kunywa maji mno na kudhoofika ni dalili za kisukari kilicholegea kama zilivyo dalili za saratani, na paka anayetembea kwa visigino vya nyuma badala ya vidole mara nyingi ameharibiwa mishipa ya fahamu na sukari. Omba kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari kwa wiki zilizotangulia, maana kipimo cha mara moja kliniki hupanda kwa hofu tu ya paka kufungiwa kikapuni. Na ikiwa paka wako anahitaji insulini nyingi isivyo kawaida huku akinenepa na uso wake ukipanuka, uliza kama kuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji. Huko Uingereza, watafiti wa Royal Veterinary College waliona mwaka 2015 kwamba takriban paka mmoja kati ya wanne wenye kisukari waliowapima alikuwa na dalili za tatizo hilo katika damu. Kwa paka huyo uvimbe ndio ulioleta kisukari, na kuutibu uvimbe ni kukitibu kisukari chenyewe.

Sasa tuje kwenye prednisoloni. Dawa hii huua seli za limfoma, hupunguza uvimbe, humrudishia paka hamu ya kula, na upatikanaji wake si wa shida. Ndiyo maana hutolewa hata pale tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, inapokataliwa. Lakini huifanya insulini ishindwe kazi yake na hulisukuma ini kumwaga sukari zaidi kwenye damu. Paka aliyekuwa ametulia kwa uniti 2 anaweza, ndani ya siku chache, kuanza kumaliza bakuli zima la maji na kuufanya mchanga wa choo chake kuwa tope, huku akikonda ingawa anakula. Mwenyewe huona kukonda huko akadhani saratani imeshinda, kumbe ni sukari. Hata paka ambaye alikwisha kupata nafuu ya kisukari, akawa hachomwi tena, anaweza kurudi nyuma akianzishwa steroidi.

Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, kaa na daktari mzungumze kwa kina. Je, klorambusili inaweza kutumika na dozi ndogo zaidi ya prednisoloni, au hata peke yake? Je, budesonidi, ambayo ni steroidi inayofanya kazi zaidi ndani ya utumbo na kuingia kwa uchache mwilini, inafaa badala yake? Insulini itaongezwa baada ya vipimo vya namna gani, na nani atatoa uamuzi huo saa za usiku? Usiongeze insulini kwa kubahatisha siku ileile steroidi inapoanza. Pima sukari nyumbani na umpelekee daktari namba. Glukometa (vifaa vya kupimia sukari) za binadamu huelekea kuonyesha sukari ya paka chini kuliko ilivyo, basi tumia kifaa kilekile siku zote na umweleze daktari ni cha aina gani.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye, wakati mambo yanakwenda vizuri. Limfoma ikiitikia, daktari huanza kupunguza prednisoloni, na mahitaji ya insulini hushuka nayo. Insulini ikibaki palepale, sukari huporomoka: paka huyumba, hulegea, hukodoa macho kama asiyeona, na mwisho hupata degedege. Mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kitu mdomoni akiwa hajitambui, kisha mkimbize kliniki. Kila prednisoloni inapopunguzwa, usitoke kliniki kabla ya kuuliza insulini ishuke kiasi gani.

Dawa nyingine zinahitaji maelezo machache. Sisplatini na fluorourasili, zinazotumika kwa binadamu, humuua paka na hazipaswi kuwamo katika mpango wowote. Dawa ya kuongeza hamu ya kula iitwayo kapromorelini inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo mkumbushe daktari anayeiandika kwamba paka huyu anachomwa insulini. Ikiwa anatumia zile dawa mpya za kisukari za kunywa, velagliflozini au beksagliflozini, fahamu kwamba paka asiyekula vizuri anaweza kupata sumu ya ketoni (tindikali zinazojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta) hata kama namba ya sukari inaonekana njema. Saratani na tibakemikali huleta hasa siku za kutokula. Na paracetamol, ambayo haikosekani kwenye kabati la nyumba yoyote, ni sumu kwa paka hata kipande cha kidonge.

Mionzi kliniki nyingi za wanyama katika miji yetu hazina, basi sitaijadili.

Chakula nacho hubadilika. Kwa kisukari tulikuwa tumeshauriwa kuondoa ugali na wali, kubakiza samaki, dagaa na nyama, na ushauri huo bado ni mzuri. Lakini paka mwenye saratani akikataa chakula chake cha kisukari, mpe anachokikubali. Paka aliyekaa siku mbili au tatu bila kula huanza kujaza mafuta kwenye ini, na hilo linaweza kumuua kabla ya saratani. Omba maagizo ya maandishi ya siku ambayo amekula nusu na ya siku ambayo hakula kabisa: achomwe insulini kiasi gani, au asichomwe. Daktari akipendekeza mrija wa kulishia shingoni, usiukatae kwa kuogopa sura yake tu, kwani kwa paka wa insulini unaleta uhakika wa mlo na ni njia ya kumpa vidonge bila mapambano.

Kisha itazameni nyumba yenu kwa uaminifu. Tembe za klorambusili za miligramu 2 hukaa kwenye friji kama insulini, kwa hiyo fikirieni mtafanya nini umeme ukikatika. Hazikatwi wala hazisagwi nyumbani, na anayezishika huvaa glavu. Mchanga wa choo uzolewe kwa glavu siku chache baada ya kila dozi, na mama mjamzito asiuguse kabisa. Ikiwa ni dada wa nyumbani atakayemchoma paka mnapokuwa kazini au safarini, aelezwe haya yote na akubali kwa hiari, na bomba la sindano lilingane na chupa. Insulini ya mifugo kama Caninsulin ina uniti 40 kwa mililita, ilhali mabomba ya duka la dawa la mtaani ni ya uniti 100. Na kinyume chake, ukivuta insulini ya uniti 100 kwa bomba la uniti 40, kila alama ya uniti moja inakuwa uniti 2.5. Kuhusu fedha, msihesabu bei ya dawa tu. Omba makadirio ya miezi mitatu pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa sababu matibabu yanayokatishwa njiani kwa kukosa fedha humpa paka madhara bila faida.

Mkiamua kutibu, wekeni tarehe ya kuangalia upya, tuseme baada ya wiki nne, na kabla ya kidonge cha kwanza andikeni ni mambo gani yakitokea mtasimama. Yawe mambo ya paka huyu mwenyewe: kwamba hapandi tena dirishani, hajilambi, hala hata samaki, au sukari imekuwa ikiruka juu na chini wiki mbili mfululizo licha ya marekebisho. Watu wengi hutumia kipimo cha Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, kinachotoa alama 0 hadi 10 kwa maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na wingi wa siku njema, na huhesabu jumla inayozidi 35 kuwa ya kuridhisha. Ni msaada mzuri, ingawa naona jumla inaweza kuficha jambo: kwa paka wa insulini, alama ya kula ikianguka, nyingine zote hazina uzito sawa nayo. Kwa maumivu, tazama uso kama walivyofundisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal: masikio yaliyofunguka kando, macho yaliyobanwa, mdomo uliokazwa, sharubu zilizonyooka, kichwa kilichoinama chini ya mabega. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2, na jumla ya 4 au zaidi ina maana kwamba anahitaji dawa ya maumivu.

Mkiamua kutotibu, hiyo nayo ni kazi yenye mpango. Paka aendelee kupata insulini kwa dozi ya kumweka salama, bila kukimbizana na namba nzuri, apate dawa za maumivu na za kichefuchefu zilizoandikwa na daktari wake, na siku ya kumlaza usingizi wa mwisho ipangwe mapema kidogo kuliko kuchelewa, huku watoto wakiambiwa ukweli. Kama mtamzika wenyewe, chimbeni kina cha kutosha mbwa asifukue, kwa sababu dawa ya kumlazia hubaki mwilini na inaweza kumuua mnyama atakayemla. Klorambusili, insulini na sindano zilizosalia zirudisheni kliniki. Zisitupwe jalalani, wala jirani mwenye paka mgonjwa asipewe.