Kutunga kisa cha mauaji katika Uingereza ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia

Anza na tarehe kamili, ndipo umtafute muuaji. Tarehe ndiyo itakayokuambia nani angeweza kuwa wapi na nani aliona nini.

Saa ndiyo inayowaumbua waandishi wengi. Amri ya kuzima taa usiku, ili ndege za adui zisione miji, ilianza Septemba 1, 1939, lakini kuanzia Mei 1941 saa za kiangazi zilikuwa mbele ya saa za kawaida kwa saa mbili nzima. Juni ya mwaka huo jua lilizama London baada ya saa nne usiku. Ukimchoma mtu kisu gizani saa tatu, mtaa mzima umekuona.

Kengele za kanisa nazo zilinyamazishwa Juni 1940, zikabaki ishara ya uvamizi wa Wajerumani. Ikilia moja usiku, kijiji kizima kinakurupuka: nafasi nzuri mno ya kuua.

Maiti iliyofichwa kwenye kifusi cha bomu inavutia, ila usitegemee chokaa kuiyeyusha. Mwaka 1942, chini ya kanisa lililobomolewa huko Vauxhall, London, chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchanganywa na maji) iliwafukuza wadudu na kuhifadhi jeraha la koo; daktari Keith Simpson akalisoma, na meno yakamtaja marehemu.

Vituko vitokane na mgawo wa chakula. Januari 1940 mtu mmoja alipata gramu 340 hivi za sukari kwa wiki. Basi bakuli lililojaa sukari mezani kwa mjane anayeishi peke yake ni ushahidi. Lionyeshe mapema, kijiko kikiwa kimesimama ndani, kisha nyamaza.